Chita na Mpaka wa Bonde: Historia ya Watu Waliohamia Kilombero

Msafiri wa treni ya TAZARA anayetoka Ifakara kwenda Mlimba huona nchi mbili kwa wakati mmoja. Kuliani kwake umesimama ukuta wa milima ya Udzungwa, ambayo vilele vyake vya juu hupita mita 2,000. Kushotoni kuna mbuga tambarare isiyoonekana mwisho, na masika yakikolea sehemu kubwa ya mbuga hiyo hugeuka ziwa. Kati ya mlima na mbuga umepita ukanda mwembamba wa ardhi iliyoinuka kidogo, na humo ndimo vilimopangana vijiji vya Idete, Mbingu, Mngeta na Chita.

Chita ni mahali pazuri pa kuisomea historia ya bonde zima, kwa sababu imebanwa pande zote mbili. Juu yake, katika mteremko wa Udzungwa, kuna msitu uliotangazwa hifadhi mwaka 1929, na chini yake kuna mbuga ambayo mipaka yake ya uhifadhi imebishaniwa kwa miaka mingi. Katikati, watu wamekuwa wakihamia kwa zaidi ya nusu karne: wengine kwa hiari, wengine kwa amri ya serikali, wengine baada ya kufukuzwa kwingine. Kwa nini walikuja, na kwa nini mpaka uliowasubiri ulikuwa wa mashaka, ni maswali yanayoanzia mtoni.

Mto Kilombero hukusanya maji kutoka nyanda za juu za Njombe na Mufindi kupitia Ruhudji, Mnyera na Mpanga, na hupokea mito mifupi yenye kasi inayoporomoka kutoka Udzungwa, Kihansi ukiwa mmojawapo. Maji yote hayo huingia katika bonde lenye mwinuko mdogo sana, kwa hiyo mto hushindwa kuyapitisha upesi, nao hufurika. Mafuriko huacha tope lenye rutuba na mabwawa yenye samaki, kisha hupungua kidogo kidogo kuanzia mwezi wa sita. Mwaka ambao mvua ni nyingi mbuga hupanuka hadi karibu na vijiji, na mwaka wa ukame hurudi nyuma kwa kilomita kadhaa.

Wandamba, wenyeji wa bonde hilo kwa muda mrefu kuliko wengine, walijenga maisha yao juu ya mwendo huo wa maji. Walivua, walisafiri kwa mitumbwi, na walikuwa wakilima mpunga kabla ya utawala wa Wajerumani. Familia ilishuka mbugani wakati wa kilimo, ikakaa katika dungu lililojengwa juu ya nguzo ili kuwinga ndege na nyani, kisha ikapanda kwenye ardhi kavu baada ya mavuno. Ukoo ulijua vizuri mahali pake pa kulima na pa kuvua, lakini mahali hapo palisogea pamoja na maji. Hili ni jambo la kushikwa tangu mwanzo, kwa sababu migogoro yote ya baadaye ilitokana na majaribio ya kuweka mstari usiosogea katika nchi ambayo ardhi yake yenye faida husogea kila mwaka.

Katika karne ya 19 waliingia watu wenye nguvu za kijeshi. Wambunga, waliokuwa na uhusiano na Wangoni, walishika sehemu za Ifakara. Wabena walioshuka kutoka nyanda za juu walitawala upande wa kusini-magharibi. Na Wahehe walishambulia kutoka juu ya mlima. Wote walihitaji mpunga, samaki na mitumbwi ya Wandamba. Mipaka ya wakati huo ilikuwa mipaka ya watu: mtawala alihesabu nani anamlipa, wala hakuhesabu ekari.

Wajerumani walijenga boma lao Mahenge, juu ya mlima upande wa pili wa bonde, na mwaka 1905 vita vya Maji Maji vikafika. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma hilo. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni, alikuwa upande wa Wajerumani, naye aliuawa katika vita hivyo. Kisha ikaja adhabu. Jeshi la Wajerumani lilichoma vyakula na mashamba, kwa kuwa liliamua kwamba njaa ingewamaliza nguvu wapiganaji upesi kuliko risasi, na njaa hiyo iliua watu wengi kuliko mapigano yenyewe.

Waingereza walipokuja kuandika habari za bonde hilo baada ya 1919, waliliona kuwa nchi tupu yenye homa. Swali la kwa nini lilikuwa na watu wachache limejibiwa kwa namna tatu. Maofisa wengi walilaumu malaria, mbung'o na mafuriko, yaani waliona utupu huo kuwa wa asili. Wanahistoria wa baadaye wamekumbusha njaa ya baada ya Maji Maji, na pia Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo Mahenge ilikuwa ngome ya Wajerumani hadi Wabelgiji walipoiteka Oktoba 1917, na wakulima wa bonde wakalazimishwa kulisha majeshi na kubeba mizigo. Jibu la tatu ni kwamba maofisa walikuwa wakipita wakati wa kiangazi na kuona madungu yaliyoachwa, wakadhani watu wamehama moja kwa moja. Kwa maoni yangu jibu la pili ndilo zito zaidi, kwa kuwa malaria na mafuriko vilikuwapo pia wakati bonde lilipokuwa likilisha misafara na watawala. Hata hivyo, jibu la kwanza ndilo lililoingia katika majalada ya serikali, na kutoka kwenye majalada likaingia katika sheria.

Nchi inayoaminika kuwa tupu ni rahisi kuchorewa mistari. Msitu wa mteremko wa Udzungwa ulihifadhiwa mwaka 1929. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na miaka iliyofuata, watu katika sehemu za Wilaya ya Ulanga walikusanywa katika makazi ya pamoja kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na maeneo waliyoyaacha yakarudi kuwa pori. Halafu, mwaka 1952, mbuga ya Kilombero ikatangazwa kuwa eneo la kudhibiti uwindaji, lile ambalo baadaye lilikuja kujulikana kama Pori Tengefu la Kilombero.

Tangazo hilo la 1952 linahitaji kuelezwa vizuri. Lilimdhibiti mwindaji. Kuua mnyama bila kibali lilikuwa kosa, lakini kulima, kuvua, kuishi na kuzika wafu ndani ya eneo hilo kuliendelea kuwa halali. Sheria ya wanyamapori ya 1974 haikubadilisha msingi huo. Kwa mkulima wa kawaida, basi, mstari ulikuwapo kwenye ramani ya Idara ya Wanyamapori na haukuwapo shambani mwake. Vizazi viwili vilikua bila kujua kwamba vilikuwa vinaishi ndani ya pori, na havikuwa na sababu ya kujua.

Wakati huohuo sura ya bonde ilianza kubadilika. Kati ya 1955 na 1960 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilichunguza bonde zima la Rufiji na kuona uwezekano wa umwagiliaji mkubwa. Kiwanda cha sukari kilianza kazi upande wa Kidatu mwaka 1962. Mahali palipoitwa nchi ya homa pakaanza kuitwa ghala la baadaye la chakula. Lakini ghala bila barabara halina faida, na ukanda wa Chita ulikuwa bado mbali na soko lolote.

Reli ya TAZARA ndiyo iliyoubadilisha. Mkataba kati ya China, Tanzania na Zambia ulitiwa saini Beijing tarehe 5 Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970, na reli yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa Julai 1976. Wahandisi waliona kuwa njia inayofaa kupita Kilombero ni uleule ukanda wa katikati: juu yake mlima ni mkali mno, na chini yake mbuga huzama. Baada ya Mlimba reli ilibidi ipande kuelekea Makambako, na sehemu hiyo ya mahandaki na madaraja ilikuwa ngumu kuliko zote. Kwa hiyo maelfu ya wafanyakazi walikaa kwa muda mrefu katika kambi za upande huu. Walitoka kila pembe ya nchi, wakiwemo vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Kazi ilipokwisha baadhi yao hawakurudi makwao, maana walikuwa wamekwisha kuiona ardhi nyeusi inayotoa mpunga bila mbolea.

Kabla reli haijakabidhiwa, amri ya vijiji ilikuwa imefika. Mwaka 1974, katika Operesheni Vijiji, familia zilizotawanyika mbugani na kando ya mito zilihamishiwa kwenye ukanda wa reli. Serikali ilieleza kuwa lengo lilikuwa kuwapa wananchi shule, zahanati na maji. Baadhi ya watafiti wanataja pia usalama: Wareno walikuwa bado wanapigana Msumbiji, Rhodesia ilikuwa chini ya utawala wa walowezi, na reli iliyojengwa ili kuikomboa Zambia kutoka njia za kusini ilihitaji watu wa kuilinda. Mafuriko nayo yalitumika kama hoja. Nadhani sababu hizi hazigombani. Huduma ndizo zilizokuwa sababu ya kuwakusanya watu, lakini reli ndiyo iliyoamua wakusanywe wapi. Matokeo yake yalikuwa makubwa: waliokuwa wakiishi kwa kusogea na maji walipewa anuani ya kudumu, huku mashamba yao yakibaki kule chini mbugani, mwendo wa saa kadhaa kwa miguu.

Chita ya leo ilitokana na mambo hayo kwa pamoja. Kuna wenyeji waliopandishwa kutoka mbugani, kuna waliobaki baada ya reli, na kuna kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, Kikosi cha 837, yenye shamba kubwa la mpunga na mipaka yake yenyewe. Jirani, Mngeta, serikali iliingia ubia na Korea Kaskazini mwaka 1986 kuanzisha shamba la mpunga. Mradi huo ulikufa miaka ya 1990, wanakijiji wakaingia kulima na kukaa, kisha mwaka 2008 kampuni ya kibinafsi ikaanza kulima hekta zilezile 5,818 kwa makubaliano na mamlaka ya bonde la Rufiji. Kila shamba kubwa lililopimwa katika ukanda huo liliipunguza nafasi ambayo tayari ilikuwa ndogo, na lilimsukuma mkulima mdogo kurudi chini, kwenye mbuga aliyokuwa ameondolewa.

Hata hivyo watu waliendelea kuja. Sensa ya 1988 iliikuta Wilaya ya Kilombero na wakazi wapatao 187,000. Ile ya 2002 iliwakuta zaidi ya 320,000, na ya 2012 wapatao 408,000. Walikuja Wahehe na Wabena kutoka juu ya mlima, Wangoni, Wanyakyusa, na wafanyabiashara wa mchele kutoka mijini. Wengi wao walifuata mchele wa Kilombero, ambao jina lake sokoni Dar es Salaam lilikuwa limeshajulikana.

Hata homa ilikuja kutazamwa kwa jicho jingine. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Uswisi Rudolf Geigy alianzisha maabara ndogo Ifakara, karibu na hospitali ya wamisionari ya Mtakatifu Fransisko. Maabara hiyo ilikua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 1993 chanjo ya majaribio ya malaria ilijaribiwa kwa watoto wa Idete, na kuanzia 1997 mradi mkubwa wa vyandarua ulienea katika vijiji vya bonde. Hili linanigusa kila ninapolifikiria: vijiji vilivyoelezwa na wakoloni kuwa havifai kukaliwa na watu vilitoa maarifa yaliyookoa watoto wa nchi nyingine nyingi. Kwa mtu aliyekuwa akiamua kuhamia Chita na familia yake, chandarua kilipunguza woga uliokuwa ukiwazuia wazazi wake.

Wafugaji walikuwa na njia yao tofauti. Wamaasai na Wabarabaig walianza kufika bondeni kuelekea mwisho wa karne ya 20, wakafuatiwa na Wasukuma, ambao ni wakulima na wafugaji kwa pamoja na ambao walikuja na plau za kukokotwa na maksai. Kisha, mwaka 2006, ukafuata msukumo mkubwa kutoka bonde la Usangu. Mto Ruaha Mkuu ulikuwa ukikauka kila kiangazi tangu 1993, mabwawa ya umeme yalipungukiwa maji, nchi ikaingia katika mgawo wa umeme, na serikali ikaamua kuwaondoa wafugaji katika ardhioevu ya Ihefu. Watafiti walioichunguza Usangu walionesha kuwa maji mengi ya kiangazi yalikuwa yakichukuliwa na mifereji ya mashamba ya mpunga kuliko kunywewa na ng'ombe, lakini ng'ombe ndio waliohamishwa. Ilipangwa waende Lindi na Pwani. Wengi wao waliishia Kilombero, kwa sababu bonde liko karibu zaidi na majani yake hayakauki.

Walifika wakati bonde lilikuwa limepewa jina jipya. Tarehe 25 Aprili 2002 bonde la Kilombero lilikuwa limeingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, likiwa na hekta 796,735. Sababu zake zilikuwa za kweli. Hapa ndipo lilipokuwa kundi kubwa kuliko yote duniani la swala aitwaye sheshe, takriban robo tatu ya sheshe wote, na hapa tu ndipo anapoishi mnana wa Kilombero, ndege ambaye wanasayansi walimtambua rasmi mwaka 1990. Nchi ya homa, iliyokuwa imegeuka ghala, sasa iliitwa pia urithi wa dunia nzima.

Sheria ikafuata jina. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 ilibadilisha maana ya pori tengefu: kulima na kuchunga humo bila idhini kukawa kosa. Sheria hiyohiyo ilimtaka waziri ayapitie mapori tengefu yote ili ardhi ya vijiji isiwe ndani yake. Sehemu ya kwanza ilianza kufanya kazi mapema, ilhali kazi ya pili ilichelewa. Hapo ndipo mstari wa 1952, uliochorwa kumdhibiti mwindaji wa wakati wa Waingereza, ulipomkuta mkulima wa karne ya 21 akiwa upande usio wake bila yeye kusogea hata hatua moja.

Mwishoni mwa 2012 ikaja operesheni ya kuwaondoa wafugaji bondeni. Maelfu ya watu na mifugo yao waliondolewa, na mashirika ya haki za binadamu yaliripoti mateso, mifugo kutaifishwa na familia kutawanyika. Wakulima wengi wenyeji waliiunga mkono mwanzoni, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wameingia mashambani mwao na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Lakini vigingi vya mpaka vilipoanza kuonekana, baadhi yake vilikuwa katikati ya mashamba ya mpunga ya wakulima haohao.

Je, ni nani aliyeiharibu mbuga? Serikali ililaumu ng'ombe, na kweli makundi makubwa hukanyaga kingo za mito na hufukuza wanyamapori. Wafugaji walijibu kuwa mashamba ndiyo yaliyoifyeka. Picha za setilaiti zilizochambuliwa na watafiti zinaonesha kuwa mashamba yamepanuka kwa kasi sana tangu miaka ya 1990, na kwamba njia walizopita wanyama kati ya Udzungwa na Selous zimezibwa zaidi na kilimo na makazi. Uwindaji haramu nao ulichangia. Ninavyoupima ushahidi huo, mfugaji alibeba lawama kubwa kuliko sehemu yake, kwa sababu alikuwa mgeni wa mwisho kufika na mali yake huonekana kwa mbali.

Kuanzia hapo mpaka ukawa jambo la kupimwa upya. Mradi uliofadhiliwa na Ubelgiji na Umoja wa Ulaya ulifanya kazi na vijiji kutafuta mstari mdogo zaidi unaokubalika. Januari 2019 Rais John Magufuli alisitisha kuondolewa kwa vijiji vilivyodaiwa kuwa ndani ya hifadhi, na kamati ya mawaziri wa wizara nane ikapewa kazi ambayo mwishowe iligusa vijiji 975 nchini kote. Kabla kazi hiyo haijaisha, bonde lilipata jina jingine tena: chanzo cha maji ya umeme. Ujenzi wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ulizinduliwa Julai 2019, na Kilombero ndiyo inayoupa Rufiji zaidi ya asilimia 60 ya maji yake. Bwawa lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Miezi michache baadaye, mwaka 2023, sehemu ya bonde ilitangazwa kuwa Pori la Akiba Kilombero, daraja la ulinzi lililo kali kuliko pori tengefu. Haja ya kulinda maji ya umeme, iliyowaondoa wafugaji Usangu mwaka 2006, ilikuwa imewafuata hadi mahali walipohamia.

Mtu anayetaka kuhamia Chita leo huanzia ofisi ya mtendaji wa kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, mgeni huomba ardhi kwa halmashauri ya kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Akikubaliwa anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na kuanzia 2016 mpango maalumu wa serikali ulipima vijiji na kutoa hati hizo kwa wingi katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi. Lakini hati haitoki kabla kijiji hakijakuwa na ramani iliyosainiwa na majirani zake wote, na majirani wa vijiji vya ukanda huu ni pamoja na wasimamizi wa msitu ulio juu na wasimamizi wa pori lililo chini. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya ekari, mhamiaji makini huuliza kwanza shamba analooneshwa liko upande gani wa kigingi, na kigingi hicho kiliwekwa mwaka gani.